Namna Nilivyopata Vyungu Vinavyodumu kwa Mfinyanzi wa Pemba

Vyungu ninavyopikia nyumbani kwangu, hapa mjini Unguja, vimefinyangwa na bibi mmoja wa kaskazini mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, ambaye karakana yake ni banda la makuti lililo nyuma ya nyumba. Wageni wanaoviona huniuliza nilivinunua duka gani, na jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa sababu vyungu vya namna hii havipatikani siku mtu anapovitaka. Huagizwa, na aliyeagiza hungoja.

Nilifika kwake mara ya kwanza wakati wa masika, nikihitaji chungu cha mchuzi, kikaango cha kupikia mikate ya chila, na chetezo cha kufukizia udi. Alinikaribisha vizuri, akanionyesha vyombo vilivyopangwa kivulini, kisha akakataa kuvichoma kwa ajili yangu. “Hivi bado vina maji ndani, mwanangu,” alisema, akaniwekea kimoja shavuni nikasikia ubaridi wake. Chungu kibichi kikitiwa motoni, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia ya kutokea huupasua ukuta wa chungu kwa kishindo na kuviharibu vya jirani yake. Moto ukizidi kupanda, kwenye nyuzi joto 500 hivi na kuendelea, udongo hupoteza hata yale maji yaliyofungamana na chembe zake, na kutoka hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa. Bibi huyu hana kipimo chochote cha joto. Huchoma uwanjani kwa kuni, makuti na makumbi ya nazi, akitazama rangi ya makaa, na siku yenye upepo mkali au wingu la mvua huahirisha.

Nikaacha agizo pamoja na sehemu ya fedha, nikarudi kipupwe, mvua zilipokwisha. Ziara hiyo ndiyo iliyonifundisha ninacholipia. Udongo huchimbwa bondeni, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa, kisha huchanganywa na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika, ili usinywee mno unapokauka na uweze kustahimili moto. Gurudumu hana, hufungua donge kwa ngumi, huongeza udongo kwa mizingo, hukwangua kwa kipande cha kifuu, na chombo kikianza kukaza hukisugua kwa kijiwe laini cha pwani mpaka kiwe na mng’ao. Shingoni huchora safu ya pembetatu kwa ncha ya kijiti. Nilipoiona safu ile nilikumbuka kwamba huko huko kaskazini, Tumbe, waakiolojia wamefukua makazi ya kati ya karne ya 7 na ya 10, na kwamba vigae vilivyochorwa pembetatu ni miongoni mwa alama zinazotambulisha makazi ya zamani ya pwani yetu. Nilimuuliza ameitoa wapi nakshi hiyo, akanijibu kwamba ndivyo alivyofanya mama yake, akaendelea na kazi.

Katika kuchagua, mimi hukigonga chungu kwa kifundo cha kidole: kilichoiva hulia wazi, na chenye ufa, hata ule usioonekana, hutoa sauti nzito iliyokufa. Mabaka meusi hayanisumbui, kwa kuwa ni mahali ambapo kuni ziligusa chombo na hewa ikakosekana. Mimi binafsi navipenda zaidi vyenye mabaka. Ninavyoviepuka ni vyetezo vilivyopakwa rangi ya mafuta, ambavyo huwavutia sana watalii. Kwenye rafu vinapendeza, lakini rangi huficha ufa, na makaa ya udi yakitiwa ndani yake harufu ya rangi hushindana na ya udi. Bei aliyonitajia sikuipunguza. Mtu aliyekwisha kuona kazi ile tangu bondeni hadi motoni huona haya kuomba apunguziwe.

Safari kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, hadi bandari ya Malindi hapa mjini Unguja ilinitia wasiwasi kuliko ununuzi wenyewe. Tulivipakia vidogo ndani ya vikubwa, tukajaza majani makavu ya mgomba katika kila nafasi, tukafunga kwa gunia, na mzigo nikaupakata badala ya kuuacha pamoja na mizigo mingine.

Chungu kipya sikukitia mchuzi papo hapo. Kwa maelekezo yake nilikilowesha usiku kucha, nikapika ndani yake uji mwepesi wa mchele kwa moto mdogo, nikauacha upoe humo humo, kwa kuwa wanga huziba vitundu vidogo vya udongo na kuzuia mvujo. Sabuni haikigusi, maana udongo huinywa na kuirudisha katika chakula. Nakisugua kwa jivu na kumbi, nakianika juani mpaka kikauke kabisa, ndipo nakifunika, la sivyo hufanya ukungu. Cha samaki ni cha samaki peke yake. Kwa kuwa napikia gesi, huweka bamba la chuma kati ya mwali na chungu, nikaanza na moto mdogo, na sitii maji baridi katika chungu chenye moto. Pweza wa nazi akichemkia humo hulainika taratibu, na mchuzi huendelea kutokota kwa muda baada ya jiko kuzimwa.

Mkungu wa kufunikia uliwahi kuanguka sakafuni ukavunjika. Vipande vyake nilivirudisha Pemba, bibi akavitwanga pamoja na vigae vingine kwa ajili ya udongo wa msimu ule. Hivi sasa nimeagiza mtungi wa maji, ambao ukuta wake lazima uachwe bila rangi wala kuzibwa kwa wanga, kwa sababu maji hupoa pale yanapopenya kidogo kidogo na kukauka kwa nje. Amekwisha kunionya kwamba mtungi hukauka polepole kuliko chungu, na kwamba hataki kupigiwa simu ya kuharakishwa.