Chanjo kuganda ndani ya kibebeo: jinsi ilivyokomeshwa

Dalili: vichupa vya Penta (chanjo ya magonjwa matano, homa ya ini B ikiwemo) na vya chanjo ya pepopunda vinafika vimeganda, ingawa kibebeo (kisanduku baridi cha kubebea chanjo) hakina ufa na kifuniko kinabana vizuri. Kufunga vichupa kwa magazeti kulichelewesha tu kuganda. Kupunguza pakiti za barafu kulivusha joto juu ya nyuzi 8, kikomo cha chanjo, kufikia mchana.

Kumbe kasoro ni pakiti zenyewe. Zikitoka kwenye friza huwa na nyuzi -20 hivi, na chanjo ya homa ya ini B huganda karibu na -0.5. Zitoe, zipange mezani kwa safu moja zikiachana sentimita 5. Ukizirundika, za katikati hubaki ngumu. Kisha tikisa kila moja karibu na sikio. Maji yakicheza ndani, hata kidogo tu, pakiti imefika nyuzi 0. Usitegemee saa, maana chumba cha Dar es Salaam si cha Njombe. Wala jasho la nje si kipimo; hutokea mapema mno.

Zikaushe, zisimamishe pande zote nne, chanjo katikati, sifongo juu, funika. Chanjo ya surua ingestahimili kuganda. Kiyeyushio chake, yaani maji ya kuchanganyia unga wake, hakistahimili.