Kumbukumbu ya mradi wangu: Ngome ya Jamestown, wiki ya nane

Ukuta wa ngome ulikamilika juzi, na leo jioni nimeanza kuung'oa.

Kwa anayekutana na mradi huu kwa mara ya kwanza, ninajenga mfano wa Jamestown huko Virginia, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza katika Amerika, yaliyoanzishwa Mei 1607 na wanaume na wavulana 104. Ngome ilikuwa ya pembetatu. Kwa skeli ya 1:100, upande wa mtoni uliokuwa na futi 420 umekuwa sentimita 128, na pande mbili nyingine, za futi 300, zimekuwa sentimita 91 kila mmoja. Vigogo vya ukuta ni vijiti vya mishikaki.

Nyumba ndizo zilizonifurahisha zaidi. Zile za mwanzo zilijengwa kwa nguzo zilizosimikwa ardhini, fito na udongo, zikaezekwa kwa nyasi au matete, kazi ambayo fundi yeyote wa nyumba za udongo kwetu angeitambua mara moja. Kuta zangu za kwanza zilipasuka kwa sababu udongo ulikuwa na maji mengi. Safari hii nimekandika tabaka mbili nyembamba, na ile ya kwanza nimeiacha kivulini siku mbili kabla ya kuongeza ya pili. Hazijapasuka.

Kilichobadilisha kazi yote ni uamuzi wa kuonyesha majira ya baridi ya 1609 hadi 1610. Ukame mkali uliodumu tangu 1606 ulikuwa umepunguza mahindi hata kwa Wapowhatan, wenyeji ambao walowezi walitegemea chakula chao, na sasa wapiganaji wa Wapowhatan waliizingira ngome, hivyo kwamba kutoka kwenda msituni kutafuta kuni kulikuwa ni kuhatarisha maisha. Waliokuwa ndani walikula farasi, mbwa, panya na hata ngozi za viatu, wakachoma mbao za nyumba za waliokufa, kisha vigogo vya ukuta wenyewe. Thomas Gates, gavana aliyetumwa kutoka Uingereza, alipofika Mei 1610, katika watu wapatao 300 alikuta takribani 60, na milango ya ngome imeng'oka kwenye bawaba zake. Ukuta nadhifu ungekuwa uongo, kwa hiyo nimeng'oa vijiti 70, na mapengo nimeyaacha yasiyolingana, mengi yakiwa karibu na nyumba.

Jambo moja limenichukua siku tatu za kufikiri. Mwaka 2012 wanaakiolojia walifukua katika chumba cha chini ya ardhi mabaki ya msichana wa Kiingereza wa miaka 14 hivi, yenye alama za visu zinazothibitisha kwamba mwili wake uliliwa. Sitatengeneza sanamu yake. Chumba hicho nimekichimba, nimekikandika udongo kama vingine, na nitakiacha wazi bila kitu ndani.

Wiki ijayo ni kisima na kanisa.