Elfu hamsini yenye mkato

Jumatano, saa nne usiku

Asubuhi hata chai sijamaliza, simu ikaita. Ni mtunza hazina wa SACCOS niliyoitengenezea mfumo wa mikopo mwezi uliopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yako imenifukuza."

Imekufukuzaje? Akasema amejaza kila kitu mpaka wadhamini, kabonyeza Tuma, ukurasa ukageuka mweupe wenye Kizungu kitupu. Alipofungua fomu upya, visanduku vyote vitupu. Na mwanachama yuko pale pale mbele yake, anamtazama.

Picha aliyonitumia WhatsApp niliitambua kabla haijafunguka vizuri: Whitelabel Error Page, ukurasa wa makosa unaotoka wenyewe usipotengeneza wako, namba 400. Kwa lugha ya seva, 400 maana yake ni kwamba mwenye kosa ni wewe uliyetuma. Mama wa watu! Fomu ina visanduku 14, kavijaza vyote, halafu tunamwambia kosa ni lake.

Nikamwomba anisomee alichoandika, kimoja kimoja. Jina, sawa. Namba ya uanachama, sawa. Kiasi: "Hamsini, mkato, sifuri tatu." Basi, hapo hapo.

Kwenye darasa langu, yaani kiolezo cha Java kinachobeba data ya mkopo, kiasi ni BigDecimal, aina ya namba, na Spring, zana ya Java niliyojengea mfumo huu, ikipewa "50,000" bila kuelekezwa huo mkato ni wa nini, inashindwa kuugeuza kuwa namba. Mimi nilipokuwa najaribu fomu hii niliandika 50000 mara mia. Ni nani mwingine anayeandika hela hivyo, isipokuwa sisi watu wa kompyuta? Mtu aliyeshika vitabu vya fedha miaka yote hiyo hawezi kuacha mkato. Kwake namba isiyo na mkato ni namba ya kutiliwa shaka.

Lakini mkato peke yake usingeleta ukurasa mweupe. Ulipaswa kuleta maneno mekundu chini ya kisanduku, basi. Nikafungua kontrola, sehemu ya programu inayopokea fomu, nikakuta aibu yangu imekaa kwenye mstari mmoja:

public String tuma(@Valid @ModelAttribute("mkopo") Mkopo mkopo, Model model, BindingResult matokeo)

BindingResult, inayobeba makosa ya fomu, inatakiwa ikae mara tu baada ya kitu kinachohakikiwa, bila chochote katikati. Mimi nikamchomeka Model, mbeba data ya kuonyesha ukurasani, hapo kati. Spring inatazama kigezo kinachofuata, ikikuta siyo BindingResult inaona huyu mwandishi hana mpango wa kushughulikia makosa, basi inayarusha yenyewe, na mtumiaji anaangukia kwenye 400. Kilichonipumbaza ni kwamba data ikiwa safi, mpangilio huo mbovu unafanya kazi bila kulalamika. Unavunjika pale tu mtu anapokosea, na kukosea ndiyo sababu yenyewe ya kuiweka BindingResult. Majaribio yangu yote yalikuwa ya data safi.

Nikahamisha neno moja, nikaandika "50,000" kama mama. Fomu ikarudi na kila kitu chake. Na hapa kuna jambo ninalolipenda: ndani ya kitu chenyewe kiasi kimebaki null, yaani hakina thamani, kwa sababu hakikugeuzika, lakini BindingResult inakumbuka herufi alizoandika mtu, na th:field ya Thymeleaf, zana inayochora kurasa, inazirudisha kisandukuni vilevile. Mtu anaona mwandiko wake, anarekebisha palipoharibika.

Ila maneno mekundu yenyewe yalikuwa "Failed to convert property value of type java.lang.String..." na kuendelea, sentensi ndefu kuliko kisanduku. Ningemtumia mama hiyo angenipigia tena. Nikaweka kwenye messages.properties, faili la maneno anayoonyeshwa mtumiaji, ufunguo typeMismatch.mkopo.kiasi: "Andika kiasi kwa tarakimu, mfano 50,000." Halafu juu ya kiasi nikaweka @NumberFormat yenye pattern "#,##0" ili mkato ukubalike. Sababu ya mkopo nayo ilikuwa na @NotNull, ulinzi wa bure kabisa, maana kisanduku kitupu hakiji kama null, kinakuja kama maandishi yasiyo na herufi. Nikaweka @NotBlank, inayokataa maandishi matupu, tukaendelea.

Ningefunga kazi hapo. Lakini jicho likarudi kwenye ule mstari: Mkopo mkopo. Hilo ni darasa lilelile linaloandikwa kwenye hifadhidata, lenye sehemu ya imeidhinishwa. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha idhini, ila Spring haiangalii fomu, inaangalia majina yaliyotumwa. Nikatuma ombi kwa curl, programu inayotuma data bila kupitia fomu, kwenye seva ya majaribio, mwishoni nikaongeza &imeidhinishwa=true. Mkopo ukajiidhinisha wenyewe. Nikakaa kimya kidogo.

Nakumbuka Machi 2022, ule udhaifu wa usalama wa Spring, CVE-2022-22965, uliobatizwa Spring4Shell. Washambuliaji walipita mlango huu huu wa kuunganisha fomu na kitu cha Java, wakituma majina yanayoanza na class.module.classLoader mahali pa majina ya visanduku. Wakati ule nilisasisha toleo, nikajiona nimepona. Tundu langu hili halina toleo la kuliziba, nimelitoboa mwenyewe. Mchana wote umeishia kwenye darasa jipya, FomuYaMkopo, lenye sehemu 14 tu zinazoonekana kwenye fomu. Mkopo halisi naujaza kwa mkono baada ya uhakiki kupita.

Saa kumi na moja nikapandisha toleo jipya, nikampigia mama.

"Jaribu sasa."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, polepole. Kimya. Halafu: "Inasema niandike kwa tarakimu. Si nimeandika tarakimu?"

"Umeandikaje mama?"

"Elfu hamsini. Hamsini, mkato, sifuri tatu, mstari, sawasawa."

50,000/=. Kama kwenye kila risiti niliyowahi kushika maishani mwangu.

"Lakini mara hii," akaongeza, "wadhamini wangu bado wapo."