Tumwache Mangungu apumzike

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu alitupia habari ya mkataba fulani wa madini, na kabla sijaisoma mpaka mwisho tayari kuna aliyeandika "haya tena, mikataba ya akina Chifu Mangungu", watu wakacheka, na mimi nilikuwa nishaanza kuandika "ndio hapo sasa" nikafuta. Maneno hayo nimeyasema miaka yote tangu shule, ila tangu nikae chini nikausoma ule mkataba wenyewe siwezi tena, yananikwama kooni.

Kwa ambaye hajui, Mangungu alikuwa mtawala wa Msovero huko Usagara, upande wa Kilosa. Mwezi Novemba 1884 alifika kwake Carl Peters, kijana wa miaka 28 kutoka Ujerumani, hana cheo chochote serikalini, serikali yake yenyewe ilikuwa imemwambia haimsaidii. Wakaandikiana mkataba wa "urafiki wa milele", na ndani ya huo huo urafiki Mangungu eti anamkabidhi Peters nchi yake yote na haki zake zote, milele. Ndio hapo tulipofundishwa kucheka, chifu kauza nchi bila kujua.

Sasa hebu tuusome vizuri. Mwishoni pameandikwa kwamba mkalimani Ramazani alimweleza Mangungu kila kitu kwa uwazi, na kwamba Mangungu alipoulizwa akasema yeye hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar na wala hajui kama kuna mtu kama huyo. Niliposoma hapo nilirudia mara tatu. Usagara! Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora inakatiza huko, pembe za ndovu zinapita, nguo zinapita, wapagazi wanapita mwaka mzima wakienda na kurudi pwani, halafu mtawala wa pale asiwe hata amewahi kusikia Sultani wa Zanzibar? Haiwezekani. Hayo ni maneno ambayo Peters aliyahitaji, kwa sababu Sayyid Barghash, ndiye huyo Sultani wa Zanzibar, alikuwa anadai bara ni lake, na kama Mangungu ni mtu wa Barghash basi ile karatasi haina thamani. Kwa hiyo akamwekea Mangungu mdomoni.

Na kama sentensi hiyo moja ilitungwa, kwa nini niamini hizo nyingine? Kwa nini niamini kwamba Ramazani alilisema neno "kukabidhi" vile vile lilivyokuwa kwenye Kijerumani, na angelisemaje? Peters mwenyewe ameeleza alivyokuwa anafanya huko, wanachanjiana undugu, wanapewa zawadi, bendera inapandishwa, karatasi inasomwa kwa Kijerumani, bunduki zinapigwa hewani. Mtu uliyechanjiana naye ni ndugu, unampa pa kukaa na pa kulima, humpi nchi. Mangungu alifanya undugu na yule mwenzake akaandika mauzo, na tunayemcheka ni Mangungu.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akatoa barua ya kuyalinda maeneo hayo. Barghash akalalamika, na mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar, mambo yakaishia hapo.

Kuna watakaosema sawa, ila angekuwa mjanja asingesaini. Haya twende kwa Wamasai wa Kenya. Mwaka 1904 Olonana na viongozi wenzake wanakubaliana na Waingereza watoke Bonde la Ufa, Naivasha na kuendelea, waende sehemu mbili, moja Laikipia na nyingine kusini ya reli. Na hawakusaini usingizini, masharti yao yamo, barabara ya upana wa nusu maili ya kuunganisha sehemu hizo mbili ili watu na ng'ombe waonane, na maili tano za mraba zibaki Kinangop kwa ajili ya shughuli za tohara. Hao ni watu wanaojua wanachotaka. Na serikali ikaandika kwamba makubaliano yatadumu maadamu kabila la Wamasai lipo duniani.

Yalidumu miaka 7.

Masetla, wale wazungu wa mashamba, wakaitaka Laikipia. Olonana akafariki Machi 1911, Waingereza wakasema marehemu ameacha wosia watu wake wahamie kusini, na Aprili mkataba mpya ukawa umesainiwa, mmoja wa waliotia alama akiwa mwanawe, bado kijana mdogo. Wa kaskazini waligoma, wakatafuta wakili, wakaenda mahakamani Mombasa. Mwaka 1913 wakaambiwa kwamba nchi hii iko chini ya ulinzi wa Uingereza tu, si ardhi ya Uingereza, nyinyi si raia wa Mfalme, mkataba wenu ni kama wa dola na dola, hivyo mahakama haiwezi kuusikiliza. Yaani wakati wa kuhamishwa wewe ni mtu wa kuamrishwa na askari, ukidai haki yako unageuka taifa la kigeni. Kesi ikafutwa, na rufaa nayo ikafutwa mwaka huo huo.

Kitu kingine kilichoniuma ni kwamba mkataba ule wa 1904 ulipita kwenye Kiswahili, Kiingereza kikawekwa kwenye Kiswahili na Kiswahili kikawekwa kwenye Kimaa. Mmoja wa wakalimani, anaitwa Waziri, alisaini kwa herufi za Kiarabu. Namfikiria sana huyu bwana, amekaa katikati, huku wazungu huku wazee, na lugha hii hii ninayoandikia ndiyo iliyobeba ile ahadi.

Halafu kuna Menelik wa Ethiopia, mkataba wake na Waitaliano wa 1889 kule Wuchale, kifungu cha 17 kwa Kiamhara kinasema *anaweza* kuitumia Italia akitaka kuongea na mataifa mengine, kwa Kiitaliano kinasema *lazima*. Ujanja ule ule wa lugha mbili. Lakini yeye alikuwa na jeshi, 1896 akawapiga Adwa, na leo hakuna anayecheka "mkataba wa Menelik".

Kule kwenye grupu mwishowe niliwawekea hiyo sentensi ya Sultani wa Zanzibar peke yake, bila maelezo. Mmoja kaniuliza "hii kweli imo?" Imo.

Kama wewe ni wa Kilosa na una wazee nyumbani, naomba uwaulize kwao hii habari inasimuliwaje, na kama kuna anayejua huyo Ramazani alikuwa mtu wa wapi.