Kwa nini Piriton inalaza kuliko setirizini

Piriton na setirizini ni dawa za mzio, na zinafanya kazi ileile: kukalia vipokezi vya H1, yaani vituo kwenye seli ambapo histamini (kemikali ya mwili inayoleta mwasho na mafua) hujishikiza, ili histamini ikose pa kukaa. Mwasho unatulia, pua inaacha kuchuruzika. Ila ubongoni histamini ndiyo inayotuweka macho. Dawa ikipenya huko, usingizi unakuja.

Klorofeniramini, dawa iliyomo kwenye Piriton, ni molekuli ndogo inayopenda mafuta: pete mbili, klorini moja, na mkia mfupi unaoishia kwenye nitrojeni. Ndani ya damu (pH 7.4) nitrojeni hiyo hubeba protoni (chembe yenye chaji chanya), hivyo molekuli zisizo na chaji, ambazo ndizo zinazopita kwenye mafuta kwa urahisi, ni kama 2 tu katika kila 100. Ni chache, lakini zinatosha. Hizo zikishapenya ukuta unaotenganisha damu na ubongo, nyingine huachia protoni zikashika nafasi yake, nazo zinapita.

Setirizini imetokana na haidroksizini, dawa inayolaza sana. Tazama ncha ya mkia wa haidroksizini: kuna kaboni yenye OH. Ini huioksidisha ncha hiyo ikawa COOH, yaani asidi, na hapo ndipo setirizini inapopatikana. Badiliko ni hilo tu! Ndani ya damu asidi hiyo hubaki na chaji hasi, na nitrojeni inaweza kubeba chaji chanya. Molekuli yenye chaji namna hiyo hupita kwenye mafuta kwa shida, na kile kidogo kinachopenya hurudishwa kwenye damu na pampu iitwayo P-glikoprotini. Hata hivyo wapo wanaosinzia kwa miligramu 10, kwa hiyo dozi ya kwanza ni vyema imezwe jioni. Setirizini nyingi hutoka kwa mkojo bila kubadilika, ndiyo maana mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi.

Kosa linalojirudia ni kumeza dawa ya mafua ya mchanganyiko kisha kuongeza Piriton juu yake. Michanganyiko mingi tayari ina klorofeniramini, kwa hiyo soma nyuma ya pakiti. Mtu mzima humeza miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, zisizidi 24 kwa siku. Pombe, tramadoli (dawa ya maumivu) na diazepamu (dawa ya kutuliza) huongeza usingizi, na usiendeshe gari wala bodaboda.

Wazee ndio wa kuangaliwa zaidi. Klorofeniramini hukalia pia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva: kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, akili inavurugika. Mzee mwenye tezi dume iliyotanuka anaweza kumeza kidonge cha mafua jioni, na usiku mkojo ukagoma kabisa kutoka.