Daftari Lililofungwa kwenye Mizani

Juzi mwanangu aliivuta mizani kutoka nyuma ya mlango wa bafu, na daftari likaja nayo, maana kamba bado haijakatwa. Akalifungua, akapitisha kidole kwenye namba. 68.2. 68.4. 68.1. 68.3.

"Mama, kwani Babu alikuwa habadiliki?"

Nikamwambia nitamweleza baadaye. Sijamweleza.

Babu huyo ni Baba, baba yangu mzazi. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka, na dawa zake alizitambua kwa rangi. Kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajatia kitu kinywani, alipanda mizani nami nikaandika. Kliniki walitufundisha hivyo: kilo zikiongezeka zaidi ya mbili ndani ya siku tatu, maji yanajaa mwilini, msisubiri. Ni agizo zuri, na lilimwokoa mara mbili. Lakini miezi ile kilo hazikusogea, huku miguu ikizidi kuvimba na vidonge vya kupunguza maji havifui dafu. Mimi nikapata jibu langu: Baba anakunywa maji kwa siri. Nikamwambia hivyo, tena si mara moja. Akaapa kwamba hanywi. Nikaanza kuhesabu vikombe.

Siku moja kliniki, daktari hakulitaka daftari. Alipiga magoti mbele ya Baba, akamvua soksi, akaweka kidole gumba kwenye ugoko na kubonyeza, bila haraka, kama mtu anayesikiliza. Alipokitoa, shimo likabaki. Lilikuwa na ukingo kabisa, na ngozi kando yake iking'aa kama imepakwa mafuta. Nililikodolea macho nikisubiri lijae. Baba naye aliinama akilitazama, kwa utulivu, kama vile mguu ni wa mtu mwingine. Kisha daktari akasimama, akamkunja shati mkono na kuuzungushia vidole vyake juu ya kiwiko. Kidole gumba na cha kati vikakutana. Mkono wa Baba, ambao utotoni nilikuwa nikining'inia!

"Mizani inapima vyote kwa pamoja," akaniambia. "Nyama inaondoka, maji yanakaa mahali pake."

Majibu ya damu yalionyesha albumini gramu 24 kwa lita. Kwa kawaida haitakiwi kushuka chini ya 35 hivi. Hiyo ni protini inayotengenezwa na ini, na ndiyo hasa inayoyashikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji huvujia kwenye nyama. Kwa Baba ilikuwa ikipotea kwa njia nyingi. Moyo usiosukuma vizuri huiacha damu irundikane nyuma: ini linajaa, utumbo unavimba, hamu ya chakula inakatika na kile kidogo kinacholiwa hakinyonywi sawasawa. Maji yaliyozidi nayo yanaizimua damu. Halafu figo. Moyo ukiwa mzima, figo hupata takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa. Za Baba zilipata pungufu, huku msongamano kwenye veni, mishipa inayorudisha damu moyoni, ukizibana kwa upande wa kutokea. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, ilikuwa imepanda, na vichujio vilikuwa vikiachia protini ipite kwenye mkojo. Protini hiyo huufanya mkojo utoe povu, na povu hilo Baba alikuwa ameliona kwa wiki kadhaa. Alidhani ni dawa ya kusafishia choo.

Nikauliza kwa nini vidonge vilikuwa vimegoma. Daktari akasema furosemaidi, ndiyo ile dawa ya kupunguza maji, husafiri kwenye damu ikiwa imeshikamana na albumini hiyohiyo, na ni lazima ipite ndani ya figo ndipo ifanye kazi. Albumini imeshuka, figo zimedhoofu, utumbo umevimba, kidonge kingefikaje?

Baba hakusema "nilikuambia." Alininyooshea mguu nimvishe soksi.

Alilazwa, akapewa dawa kwa mshipa siku tisa. Maji yalipotoka, chini ya zile kilo 68 zikaonekana 57. Zilikuwapo muda wote, nami nilikuwa nikiandika namba na kutulia. Siku hizi nikikutana na mtu anayeuguza mgonjwa wa moyo namwomba autazame mkono pia, na mkanda wa saa kama umelegea, na aulize kuhusu mkojo wenye povu. Wengine huniona nimezidi.

Aliishi mwaka na nusu baada ya hapo. Tulizungumza mengi, ila lile la vikombe sikulirudia, na yeye hakuligusa. Labda alikwisha kusamehe. Labda alikuwa ananisubiri nianze.

Usiku nimelifungua daftari. Katikati, pembeni ya 68.3, kuna maneno yangu kwa wino mwekundu: "Amekunywa maji tena." Mwanangu sasa anajua kusoma. Ukurasa huo hajaufikia.