Mpima Malori Aenda Geneva

Geneva kila kitu kinalipiwa, isipokuwa CERN, maabara kubwa ya fizikia ya nchi za Ulaya. Kahawa moja ndogo karibu na stesheni ya Cornavin ilinitoka zaidi ya shilingi elfu kumi na tatu za kwetu, na haikuja hata na andazi. Kwa hiyo shemeji aliponiambia kwamba kuna mahali wanasayansi wanagonganisha chembe ndogo kuliko atomu, na kiingilio ni bure, nilivaa koti kabla hajamaliza kusema. Yeye mwenyewe alikataa kwenda. Ni mlokole, na alishatumiwa kwenye WhatsApp picha ya sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, iliyosimama ndani ya eneo la CERN. Sanamu ipo kweli, ni zawadi ya serikali ya India ya mwaka 2004, lakini jaribu wewe kumweleza. "Wanatafuta chembe ya Mungu," alisema. "Wewe nenda tu, sisi tutakuombea."

Kazi yangu ni mizani. Niko kwenye kituo cha kupima uzito wa magari, barabara kuu ya kwenda Tunduma. Lori linapanda, tunasoma ekseli kwa ekseli, na sheria ya Afrika Mashariki inasema jumla isizidi tani 56. Ukikaa miaka na kazi hiyo, kilo inakuwa kama ndugu yako: unaijua tabia, hutaki mtu akudanganye juu yake. Ndiyo maana safari hii ilianza kwa ugomvi. Begi langu lilikuwa na mchele wa Kyela, dagaa na unga wa muhogo, mzigo wa dada aliyekuwa amejifungua, na nilikuwa nimelipima kwa mizani ya duka la jirani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Kwenye kaunta ya kampuni ya ndege, ambayo siitaji, mizani yao ikasoma kilo sita zaidi. Nikauliza stika yao iko wapi. Binti wa kaunta akaniambia, kwa heshima zote, "Baba, unalipa au unapunguza?" Nililipa. Pesa niliyolipia dagaa wale ingetosha kununua mtumbwi wa kuwavulia.

Siku zilizofuata sina la kusimulia. Nilibembeleza mtoto, nikaliona ziwa, nikawa nazidisha bei za madukani kwa elfu tatu mpaka dada akanikataza kufanya hesabu kwa sauti mbele za watu.

CERN unafika kwa tramu namba 18. Unapanda Cornavin, unakaa hadi mwisho wa reli, ukitembea kidogo mbele uko Ufaransa. Jengo la wageni, lililofunguliwa Oktoba 2023, limechorwa na Mwitaliano Renzo Piano: mabomba makubwa yaliyoinuliwa juu ya barabara, ndani yana maonyesho. Nilitegemea watanishusha chini kwenye handaki lenyewe la mashine ya kugonganishia chembe, lile la kilomita 27 za mzunguko, lililochimbwa kiasi cha meta 100 ardhini. Hapana. Mashine ikiwa inafanya kazi hakuna binadamu anayeruhusiwa kule. Nafasi za ziara ya Kiingereza zilikuwa zimejaa, imebaki ya Kifaransa. Nikaingia hiyo hiyo. Bure ni bure.

Kwa muda mrefu nilitembea nyuma ya kundi nikisikiliza lugha nisiyoijua, nikawa natikisa kichwa pale wenzangu wanapotikisa. Tulifika kwenye kipande cha sumaku ya mashine hiyo, silinda ya buluu iliyokatwa ili uone matumbo yake. Ndani kuna mabomba mawili membamba, ngumi yangu isingepita, yamezungukwa na nyaya na vyuma kama pete za kitunguu. Sumaku moja nzima ya aina hiyo ina urefu wa meta 15 na uzito wa tani 35, na ziko 1,232. Namba hizo nilizisoma ukutani, maana namba hazina Kifaransa. Nikampigia dada: "Hawa watu walipitisha chuma cha tani 35 chenye urefu wa meta 15 kwenye barabara za humu? Kwa lori la ekseli ngapi?"

Kijana aliyekuwa akituongoza akanyamaza katikati ya maelezo yake. Akanigeukia. "Papa, unatoka wapi? Nasikia unasema Swahili ya Tanzania."

Mtoto wa Bukavu! Amesomea fizikia Bruxelles, sasa yuko hapo kwa masomo ya shahada ya uzamivu, na siku moja moja anajitolea kutembeza wageni. Sijui nilivyomshika mkono ilikuwaje, lakini mama mmoja wa Kifaransa alirudi nyuma hatua mbili. Aliniomba nisubiri amalize na kundi, kisha anirudishie ziara yote kwa Kiswahili. Alitimiza ahadi. Tulikaa kwenye benchi mpaka wafagiaji wakaanza kutuangalia.

Nikamsimulia kilo zangu sita. Alicheka, halafu akauliza swali ambalo miaka yote mizanini hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na ile kilo yenyewe, papa, inatoka wapi?"

Nilimjibu kwamba inatoka kwenye mchele. Mchele unatoka kwenye nini? Atomu. Na atomu? Hapo nikamwachia uwanja.

Alianza kwa kutenganisha mambo mawili. Mizani yangu inasoma jinsi dunia inavyovuta mzigo; ukiupeleka mwezini namba inashuka. Kisichoshuka ni tungamo, yaani ule ubishi wa kitu chenyewe: kikiwa kimesimama kinakataa kuanza, kikiwa kinakwenda kinakataa kusimama. Elektroni ina ubishi kidogo sana. Kuna chembe nyingine, kwaki iitwayo top, iliyogunduliwa Fermilab kule Marekani mwaka 1995, yenye ubishi zaidi ya mara 330,000 ya ule wa elektroni, ingawa hadi sasa hakuna aliyeona kwamba mojawapo ina ukubwa wowote wa kupimika. Fotoni, chembe ya mwanga, haina ubishi hata chembe. Kwa nini?

Jibu lililotolewa mwaka 1964 ni kwamba ulimwengu wote umejaa kitu wanachokiita uga wa Higgs. Umo hata kwenye utupu. Umo kati ya pua yangu na kioo cha sumaku ile. Chembe inayoshikamana sana na uga huo inapata tungamo kubwa, inayoshikamana nao kidogo inapata dogo, isiyoshikamana nao kabisa inabaki bila kitu na inalazimika kwenda kwa kasi ya mwanga maisha yake yote.

"Kama asali?" nikamuuliza. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye makala niliyoisoma kwenye simu.

"Asali hapana, papa. Banapenda kusema asali, lakini asali inasimamisha kitu. Uga hausimamishi." Gari likizimwa injini ndani ya asali litakwama. Elektroni iliyokwisha kupata mwendo itaendelea na mwendo ule ule bila kupungua. Uga unaonekana pale tu unapotaka kuibadilisha.

Ndipo akanipa mfano wa karamu. Wenyewe ni wa Kiingereza: mwaka 1993 waziri wa sayansi wa Uingereza, William Waldegrave, aliahidi chupa ya shampeni kwa atakayemweleza jambo hili katika ukurasa mmoja, na mmoja wa washindi, David Miller, aliandika juu ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wao wa zamani, akikatiza kwenye ukumbi uliojaa wanachama wa chama chake. Kijana wangu alimtoa Thatcher akamweka Fally Ipupa kwenye harusi ya Bukavu. Ukumbi umejaa, watu wametawanyika sawasawa. Akipita mtu asiyejulikana anavuka bila kuguswa. Huyo ni fotoni. Akiingia Fally, kila hatua kuna rundo la watu limemzunguka. Kumwanzisha mwendo ni kazi, na akishaanza kutembea na rundo lake, kumsimamisha ni kazi pia. Sasa Fally asiingie kabisa, uvumi tu ulio mlangoni kwamba amefika: watu wanajikusanya kuambiana, na rundo la mnong'ono linasafiri ukumbini peke yake, bila mtu maarufu ndani yake. Rundo hilo ndilo chembe ya Higgs, ile ambayo shemeji anaiita chembe ya Mungu.

Ndiyo waliyoitafuta kwa mashine hii. Protoni zinatolewa kwenye gesi ya haidrojeni, zinazungushwa zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, kwenye sumaku zilizopozwa hadi digrii 271 chini ya sifuri, kisha zinagonganishwa. Nikauliza mzigo wote unaozunguka una uzito gani. Protoni zote pamoja, zikiwa zimetulia, ni kama sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kuzitazama zikigongana wamejenga kigunduzi cha ATLAS chenye tani 7,000, yaani malori 125 yaliyoshiba kihalali. Katika kazi yangu sijawahi kuona mizani kubwa hivyo kwa mzigo mdogo hivyo.

Kati ya migongano bilioni moja hivi, mmoja ndio unatoa chembe ya Higgs, nayo inavunjika kabla hujaweza kusema imefika. Wanabaki kuhesabu mabaki. Tarehe 4 Julai 2012 walitangaza kwamba wameipata, na Peter Higgs, ambaye uga umepewa jina lake, mzee wa miaka 83 wakati huo, alionekana ukumbini akifuta machozi. Hapo kijana alinuna. Anasema waliotangulia kuchapisha wazo la uga huo ni Robert Brout na François Englert wa chuo kikuu huru cha Bruxelles, Agosti 1964, na Higgs alifuata Oktoba. Brout alifariki mwaka 2011, na Nobeli ya 2013 wakapewa Englert na Higgs. "Lakini jina likabaki la Muingereza," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa shamba la ukoo. Kwetu huku ugomvi wa Wabelgiji na Waingereza una historia nyingine, sikutaka kuingilia.

Nilidhani tumemaliza. Mchele una chembe, chembe zimeshikamana na uga, nikalipishwa. Kijana akatikisa kidole.

"Ile uga inakupa asilimia moja tu."

Nilimwomba arudie. Alitoa kalamu, akaandika nyuma ya tiketi yangu ya tramu. Karibu uzito wote wa atomu uko kwenye protoni na neutroni. Protoni moja, kwa kipimo chao, ni 938. Ndani yake kuna kwaki tatu, na tungamo lao la kutoka kwenye uga, ukizijumlisha zote, ni kama 9. Nimeona mizigo ya magendo mingi, lakini mzigo wa 938 ambao ukifungua turubai unakuta 9, huo sijauona.

Iliyobaki ni nishati. Kwaki hazitulii, zinakimbia ndani ya chumba kidogo mno kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na zimefungwa na gluoni, chembe zisizo na tungamo lolote lakini zenye nguvu ambayo kwaki haziwezi kuchomoka humo. Nishati iliyofungiwa mahali pamoja kwa namna hiyo ina ubishi kama kitu kingine chochote. Ndiyo maana ya ile hesabu ya Einstein ambayo watu wanaiandika kwenye fulana. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Ulaya lilitumia kompyuta kubwa kukokotoa tungamo la protoni kuanzia kwaki na gluoni hizo, na jibu likaja karibu kabisa na linalopimwa. Kwa hiyo katika kilo zangu sita, uga wa Higgs ulihusika na kama gramu 60. Kilo tano na ushei nilitozwa kwa ajili ya nishati iliyofungiwa.

Nikamwambia basi uga huo ni wa kupuuza. Akakataa kwa nguvu. Elektroni ikikosa ubishi wake mdogo, haikai kwenye atomu. Hakuna atomu, hakuna mchele, hakuna dada wa kupelekewa. Na chembe za W, zinazobeba nguvu inayohusika na uwakaji wa jua, zilizoonekana hapo hapo CERN mwaka 1983, kama zisingekuwa nzito, jua lisingewaka polepole kwa mabilioni ya miaka kama linavyofanya.

Swali moja lilibaki kunikereketa. Mimi kituoni nina jedwali ukutani: ekseli hii kiasi hiki, zaidi ya hapo faini hii. Nani aliiandikia elektroni kiasi chake, na top mara 330,000? Kijana alisema jedwali hilo hakuna anayelijua. Uga unaeleza njia ya kupata tungamo. Viwango wanavipima tu na kuviandika. Na neutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, ambazo tangu 1998 inajulikana zina tungamo, hawana hakika kama hata njia ni hiyo hiyo. Kwa mtu wa serikali, nakiri, hili lilinisumbua kuliko bei ya kahawa.

Shemeji alitaka kujua kama nimeiona hiyo chembe. Nilimwambia inavunjika upesi mno. Akasema alijua tu.

Siku chache baada ya kurudi kazini lilipanda lori la shaba kutoka Kolwezi, limezidi. Dereva alikuwa mcheshi, foleni ilikuwa fupi, nikamweleza yote: kwaki, gluoni, asilimia moja. Alisikiliza kwa makini sana, mikono kiunoni, halafu akasema, "Sasa bosi, niandikie faini ya ile moja. Hii tisini na tisa iko nishati tu."

Nilimwambia asogeze mbele, ekseli ya mwisho ilikuwa haijakaa vizuri kwenye sahani.